Kumbukumbu Tupu na Kumbukumbu Inayopatikana: Historia ya Hesabu Moja ya Kompyuta

Neno "kumbukumbu" limebebeshwa kazi nyingi katika Kiswahili cha ofisini. Karani huandika kumbukumbu za kikao, mtunza nyaraka huhifadhi kumbukumbu za taifa, na tangu kompyuta zilipoenea nchini neno hilohilo limetumika kutaja ile sehemu ya mashine ambamo programu na data hukaa wakati kazi inapoendelea. Jambo hilo halina ubaya, kwa kuwa kila lugha hutumia neno moja kwa mambo zaidi ya moja. Matata huanza pale mfasiri anapokutana na maneno mawili yanayofuatana katika jedwali moja, la kwanza likitaja kumbukumbu ambayo haina kitu ndani yake, na la pili likitaja kumbukumbu ambayo yaweza kupatikana ikihitajika. Ni rahisi mno kuyafanya yote mawili kuwa "kumbukumbu iliyobaki". Msomaji akiona idadi mbili tofauti chini ya jina moja atadhani kwamba mashine imekosea, au, vibaya zaidi, atachukua ile idadi inayompendeza.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tofauti hiyo ilivyozuka, na kwa nini imekuwa ngumu zaidi katika simu, vishikwambi na kompyuta ndogo za siku hizi, ambazo hubana kurasa za kumbukumbu badala ya kuzipeleka kwenye diski. Tumeona ni vema kupitia historia kwanza, kwani istilahi isiyojengwa juu ya maarifa ya kitu chenyewe haikawii kuanguka. Aidha jambo lenyewe si la wataalamu peke yao. Mtumishi anayeandaa maelezo ya vifaa vya kununuliwa kwa ajili ya shule hukuta katika matangazo ya biashara kwamba kishikwambi fulani kina kumbukumbu ya gigabaiti 4 jumlisha 4. Akiandika kwamba kina gigabaiti 8, amekwisha potoshwa na neno, na fedha ya umma italipwa kwa kitu ambacho hakimo katika mashine.

Chanzo cha habari hii ni Manchester, Uingereza. Tarehe 7 Desemba 1962 ilizinduliwa huko kompyuta iliyoitwa Atlas, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha mji huo pamoja na kampuni za Ferranti na Plessey, chini ya uongozi wa Tom Kilburn. Kumbukumbu yake ya haraka ilitengenezwa kwa pete ndogo sana za sumaku, nayo ilikuwa ghali. Ilichukua maneno 16,384 tu, neno moja likiwa na biti 48. Pembeni yake palikuwa na ngoma za sumaku zilizozunguka, ambazo kwa jumla zilichukua maneno 98,304, yaani mara sita zaidi, lakini zilikuwa za polepole. Kabla ya hapo ilimlazimu mwandishi wa programu kupanga mwenyewe kipi kikae katika pete na kipi kisubiri katika ngoma, kazi iliyochosha na kuleta makosa mengi. Kilburn na wenzake waliamua kwamba mashine ifanye kazi hiyo yenyewe. Waliigawa kumbukumbu katika vipande vya maneno 512, wakaviita kurasa. Pete ziliweza kubeba kurasa 32 kwa wakati mmoja, na ngoma kurasa 192. Programu ilipoita ukurasa usiokuwamo katika pete, mashine iliuleta kutoka katika ngoma na kuuondoa mwingine, na mwandishi wa programu aliona hifadhi moja tu, pana na isiyo na mipaka ya ndani.

Hapa ndipo swali letu lilipozaliwa, ingawa hakuna aliyeliuliza kwa maneno haya: je, Atlas ilikuwa na kumbukumbu kiasi gani iliyobaki? Kwa kawaida karibu nafasi zote za kurasa katika pete zilikuwa zimejaa, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa, maana pete tupu ni fedha iliyolala. Lakini baadhi ya kurasa hizo zilikuwa za kazi iliyokwisha au ya kazi itakayokuja baadaye, na ziliweza kuondolewa. Kumbukumbu ilikuwa imejaa na bado ilipatikana. Yeyote aliyewahi kushughulika na hesabu za idara ataitambua hali hii: salio la benki ni jambo moja, na fedha ambayo idara yaweza kuitumia ni jambo jingine, kwa kuwa sehemu ya salio imekwisha kuahidiwa, na pengine sehemu ya fedha iliyotengwa kwa kazi moja yaweza kuhamishiwa kazi nyingine kwa kibali.

Ukomo wa ufundi huo ulielezwa mwaka 1968 na Peter Denning wa Marekani. Alionyesha kwamba kila programu ina kundi la kurasa inazozigusa mara kwa mara katika kipindi kifupi, na kundi hilo lisipoenea katika kumbukumbu ya haraka, mashine hutumia muda wake wote kuleta na kuondoa kurasa, isifanye kazi yenyewe. Kundi hilo twaweza kuliita "kurasa za kazi". Hali ile mbaya nayo inastahili kuitwa "kutapatapa", neno ambalo kila mvuvi na kila aliyemwona samaki ndani ya dema analielewa bila maelezo. Fundisho lililo muhimu kwetu katika kazi ya Denning ni kwamba ukurasa unaoweza kuondolewa si lazima uwe ukurasa unaofaa kuondolewa. Kwa hiyo hata neno "inapatikana" lina daraja.

Lugha yetu haikushiriki katika mazungumzo hayo ya mwanzo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku ilipolegezwa na mashine zikaanza kuenea, pete na ngoma zilikuwa zimekwisha kusahauliwa. Tulizipokea istilahi za kumbukumbu zikiwa tayari zimekaa juu ya tabaka mbili tatu za historia ambazo hatukuziona. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulifanya kazi ya kusifiwa katika maneno ya uandishi na ya menyu, lakini maneno ya ndani ya mfumo endeshi hayakuwa kazi ya mradi wa namna hiyo.

Mfumo endeshi ambao historia yake yaweza kufuatwa kwa urahisi, kwa kuwa maandishi yake yote yako wazi, ni Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Torvalds mwenyewe amesimulia kwamba uwezo wa kuhamishia kurasa kwenye diski aliuongeza wakati wa Krismasi ya mwaka huo, kwa ajili ya mtumiaji mmoja aliyekuwa na megabaiti 2 tu za kumbukumbu. Uwezo huo ukatoka katika toleo la 0.12 la Januari 1992. Baadaye Linux ikawa na orodha yake ya hesabu za kumbukumbu, ambayo kila programu yaweza kuisoma. Orodha hiyo ilitaja jumla ya kumbukumbu, kumbukumbu tupu, nakala za faili zilizowekwa katika kumbukumbu ili zisomwe upesi, jumla ya nafasi ya kuhamishia kurasa, na sehemu ya nafasi hiyo isiyotumika. Haikutaja kumbukumbu inayopatikana. Kila mtu alijitengenezea hesabu yake, na hesabu iliyozoeleka ilikuwa kujumlisha kumbukumbu tupu na nakala za faili, kwa hoja kwamba nakala ya faili yaweza kutupwa wakati wowote maana faili lenyewe liko salama katika diski.

Hoja hiyo ilikuwa ya kweli kwa kiasi. Kadiri miaka ilivyopita, chini ya jina la nakala za faili viliingizwa vitu visivyoweza kutupwa, kama vile kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja na programu mbili, na faili za muda ambazo makao yake ni kumbukumbu yenyewe na hazina nakala katika diski. Wakati huohuo vitu vya ndani ya kiini vinavyoweza kutupwa havikuhesabiwa kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2013 Rik van Riel, mtaalamu wa kumbukumbu katika kampuni ya Red Hat, alieleza kwamba hesabu ile ya kujumlisha, iliyokuwa ikifaa miaka kumi nyuma, sasa ilikuwa na hakika ya kukosea, akapendekeza kwamba kiini chenyewe kitoe idadi hiyo. Pendekezo lilikubaliwa, na mstari mpya uitwao MemAvailable ukaonekana katika Linux 3.14, iliyotolewa tarehe 30 Machi 2014.

Namna idadi hiyo inavyopatikana inafaa kuangaliwa na mfasiri, kwani ndani yake mna maana ya neno. Kiini huchukua kumbukumbu tupu, kikaondoa akiba ambayo hakiruhusu iguswe. Kisha huongeza nakala za faili, lakini si zote: hutoa ama nusu ya nakala hizo ama kiwango fulani cha chini, kwa kuchagua kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, kwa kuwa mashine isiyo na nakala yoyote ya faili itatapatapa. Halafu hufanya vivyo hivyo kwa vitu vya ndani ya kiini vinavyoweza kutupwa. Matokeo yake huelezwa kuwa ni makisio ya kumbukumbu iliyopo kwa ajili ya kuanzisha programu mpya bila ya kuhamisha kurasa. Maneno hayo ya mwisho, "bila ya kuhamisha kurasa", yalionekana madogo wakati ule.

Yaliacha kuwa madogo kwa sababu ya kitu kingine kilichopevuka katika toleo hilohilo la 3.14. Lakini kabla ya kukieleza yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Wazo la kuzibana kurasa badala ya kuzipeleka kwenye diski lilijadiliwa na wataalamu tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Paul Wilson alilitaja mwaka 1991, na Fred Douglis akachapisha majaribio yake mwaka 1993. Msingi wake ni rahisi. Kurasa nyingi za kumbukumbu zina marudio mengi, hasa sifuri, na njia za kuandika marudio kwa ufupi zilijulikana vizuri tangu kazi ya Abraham Lempel na Jacob Ziv ya mwaka 1977. Ukurasa uliobanwa huchukua nafasi ndogo, nao ukihitajika hukunjuliwa ukarudi kama ulivyokuwa, pasipo kupotea hata biti moja. Kubana na kukunjua hutumia nguvu ya kichakato, lakini diski ya wakati ule ilikuwa ya polepole kiasi kwamba kulikuwa na faida katika biashara hiyo.

Biashara iliingia kweli. Mwaka 1994 kampuni ya Connectix iliuza programu ya kompyuta za Macintosh iliyoitwa RAM Doubler, ambayo ilifanya kazi hiyo pamoja na hila nyingine, nayo ilisifiwa na watumiaji. Mwaka uliofuata kampuni ya Syncronys ya California ilitoa SoftRAM kwa mashine za Windows, ikidai vilevile kwamba itaiongeza kumbukumbu maradufu. Kioo cha programu hiyo kilionyesha idadi kubwa ya kupendeza. Gazeti la Kijerumani c't na mtaalamu Mark Russinovich waliichunguza, ikaonekana kwamba ubanaji uliotangazwa haukuwapo. Mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani iliishitaki kampuni hiyo kwa madai ya uongo, na shauri likamalizwa kwa makubaliano. Tumelitaja tukio hili kwa sababu ni mfano adimu wa mashine kuonyesha idadi isiyo na kitu nyuma yake, na watu wengi kuiamini kwa kuwa jina la idadi lilikuwa zuri. Asiyefahamu kilichohesabiwa hana njia ya kuipinga hesabu.

Kumbukumbu ikashuka bei, na wazo la kubana likapoa kwa muda. Lililolifufua ni simu. Simu haina diski ya kuzunguka. Ina hifadhi ya kudumu ambayo huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi, na kwa hiyo watengenezaji hawakupenda kuhamishia kurasa huko. Katika Linux kazi ilianza na mradi wa Nitin Gupta, ukaingizwa katika eneo la majaribio la kiini mwaka 2010, ukapewa jina la zram, na ukatolewa katika majaribio katika toleo la 3.14. Kitu hiki ni diski ya kubuni. Mfumo endeshi hudhani unahamishia kurasa kwenye diski, kumbe diski hiyo iko ndani ya kumbukumbu ileile, na kila ukurasa unaoandikwa humo hubanwa kwanza. Android 4.4 ya Oktoba 2013, iliyokusudiwa kuenea katika simu zenye megabaiti 512, iliruhusu matumizi yake, na mwezi huohuo Apple ilitoa Mavericks yenye ubanaji wa namna yake. Windows 10 ilifuata mwaka 2015. Fedora 33 ya mwaka 2020 iliifanya zram kuwa ndiyo njia ya kawaida hata katika kompyuta za mezani.

Ndugu msomaji, hebu sasa tupige hesabu, maana ndipo ugumu ulipo. Katika mashine ya zamani, ukurasa mmoja ukihamishiwa kwenye diski, kumbukumbu ilipata nafasi ya ukurasa mmoja kamili. Aliyejumlisha kumbukumbu inayopatikana na nafasi iliyobaki katika diski alipata idadi ya kweli, ijapokuwa sehemu yake ilikuwa ya polepole. Katika mashine yenye zram mambo sivyo. Tuseme kifaa kina megabaiti 2,048 za kumbukumbu, na diski ya kubuni imewekewa ukubwa wa megabaiti 1,024, nayo bado haina kitu. Orodha itasema kwamba nafasi ya kuhamishia iliyobaki ni megabaiti 1,024. Kurasa zikihamishwa mpaka ijae, na kila tatu zikibanwa kuwa moja, zitachukua megabaiti 341 za kumbukumbu ileile zilikotoka. Faida halisi ni megabaiti 683. Zikibanwa mbili kuwa moja, faida ni 512. Zikiwa ni picha au sauti ambazo zimekwisha kubanwa na programu yenyewe, hazitabanika zaidi, na faida ni sifuri, licha ya kazi iliyofanywa. Idadi ya 1,024 iliyo katika orodha si nafasi. Ni kibali cha kuhamisha kurasa kiasi hicho, na kibali hakigharimu kitu mpaka kitumike, isipokuwa sehemu moja hivi katika elfu inayotumika kuweka daftari.

Uwiano wa kubana haujulikani kabla ya kubana. Maelezo ya zram yenyewe husema tutazamie mbili kwa moja, na kwa hiyo hakuna maana kubwa ya kuiwekea ukubwa unaozidi mara mbili ya kumbukumbu. Kiini hutunza hesabu ya ukubwa wa kurasa kabla ya kubanwa, ukubwa wake baada ya kubanwa, na kumbukumbu iliyotumika kwa jumla, hivyo twaweza kuusoma uwiano wa kurasa zilizokwisha kuhamishwa. Lakini hakuna sharti kwamba kurasa zitakazofuata zitafanana nazo. Kurasa zilizojaa sifuri tupu ndizo zenye raha kuliko zote, kwa kuwa huandikwa katika daftari tu na hazichukui nafasi. Zikiwa nyingi huufanya uwiano uonekane mzuri kuliko utakavyokuwa zitakapokwisha. Kuna na ugumu mwingine ambao ungewachekesha wahenga wetu: ili ukurasa ubanwe, lazima pawepo mahali pa kuiweka nakala iliyobanwa, yaani ili upate nafasi sharti uwe na nafasi. Mashine inayongoja mpaka kumbukumbu tupu iishe kabisa imekwisha chelewa.

Hivyo basi mistari miwili ya orodha ile hutoa majibu mawili, na yote yana kasoro. MemAvailable haihesabu kabisa kurasa zinazoweza kubanwa, kwa hiyo katika vifaa hivi husema kidogo kuliko ukweli. Aliyeongeza juu yake nafasi yote ya kuhamishia iliyobaki atasema zaidi ya ukweli. Waliolishughulikia jambo hili kwa vitendo ni watengenezaji wa ChromeOS, ambayo kompyuta zake nyingi zilikuwa na kumbukumbu ndogo na watumiaji waliopenda kufungua kurasa nyingi za mtandao kwa pamoja. Katika miaka ya 2010 walitumia kanuni iliyojumlisha kumbukumbu tupu, nakala za faili ukiondoa kiasi cha kubakizwa, na nafasi ya kuhamishia iliyobaki ikihesabiwa kwa robo tu ya ukubwa wake. Idadi iliyotoka ikishuka chini ya kiwango fulani, ukurasa wa mtandao uliokaa bila kutazamwa uliondolewa kabla mashine haijaanza kutapatapa.

Robo hiyo yafaa kufikiriwa. Katika mfano wetu ingetoa megabaiti 256, chini ya nusu ya faida ya tatu kwa moja. Ukipiga hesabu kinyumenyume utaona kwamba robo ni sahihi pale tu kurasa nne zinapobanwa kuwa tatu, na data ya kawaida hubanika vizuri kuliko hivyo. Kwa maoni yangu waliichagua vema. Ukurasa uliobanwa si sawa na ukurasa usiokuwapo: mwenye nao yungali hai, na huenda akauhitaji sasa hivi, wakati ambapo utakunjuliwa na kuidai nafasi yake yote. Kuhesabu kidogo ni kumkumbuka Denning.

Baadaye njia nyingine ilifunguliwa. Linux 4.20, ya Desemba 2018, iliingiza kipimo kilichoandaliwa na Johannes Weiner wa Facebook, ambacho hakiulizi kumbukumbu iliyobaki ni kiasi gani, bali ni sehemu gani ya muda ambayo programu zimesimama zikingoja kumbukumbu, katika sekunde 10, 60 na 300 zilizopita. Android 10 ya mwaka 2019 iliweza kukitumia katika kuamua ni programu ipi ifungwe. Ni sawa na mganga anayeacha kukisia kiasi cha damu mwilini akapima mapigo. Makisio hayakufutwa hata hivyo, kwa kuwa kipimo hicho huonyesha dhiki iliyokwisha anza, na anayetaka kufungua programu mpya anataka kujua kabla.

Tugeukie maneno sasa. Kwa kumbukumbu isiyo na kitu tunapendekeza "kumbukumbu tupu". Wapo wanaoandika "kumbukumbu huru", kana kwamba iliwahi kutawaliwa. Uhuru wa lugha ya Kiingereza una maana ya utupu ndani yake, uhuru wa Kiswahili hauna. Kwa ile ya pili "kumbukumbu inayopatikana" inatosha, kwa kuwa kitenzi "patikana" hakidai kwamba kitu kiko wazi mezani. Chaweza kuwa kinatafutwa ghalani, na hiyo ndiyo maana tunayoitaka. "Iliyobaki" iachwe katika mistari yote miwili.

Kwa eneo linalohamishiwa kurasa, "nafasi ya kubadilishana" imetafsiriwa neno kwa neno, nayo inapotosha, kwani hakuna anayebadilishana na mwenzake; ukurasa huhamishwa, kisha hurejeshwa. Tunapendekeza "hamishio", kwa kufuata umbo la "kimbilio". Aina hii mpya iitwe "hamishio la kubana". Tulilifikiria pia "kushindilia", ambalo lina sura nzuri ya pamba inayotiwa katika marobota, lakini "kubana" limekwisha zoeleka kwa faili zinazotumwa kwa barua pepe, na hakuna sababu ya kumpa mwalimu maneno mawili kwa tendo moja. "Kusindika" lisitumike, maana limechukuliwa na viwanda vya mazao, na kinachosindikwa hakirudi kuwa kama kilivyokuwa.

Kurasa ambazo hubanwa huitwa na wataalamu, kwa lugha yao, kurasa zisizo na jina. Mfasiri asiwafuate. Kinachokosekana si jina bali faili: ukurasa huo hauna nakala katika diski ambako ungeweza kusomwa tena, na ndiyo sababu hauwezi kutupwa, ila kuhamishwa. "Kurasa zisizo na faili" inaeleza jambo lenyewe, na kinyume chake, "kurasa za faili", kinapatikana bila kutafutwa.

Limebaki neno la hesabu yenyewe. Katika lugha ya bajeti tumezoea "makadirio", na neno hilo lina harufu ya mpango: mtu hukadiria atakachokusanya na atakachotumia, kisha hujaribu kukifuata. Kiini cha kompyuta hakipangi hivyo. Hutazama kilichopo na kukisia kitakachotokea endapo kurasa ambazo hakijazibana zitabanwa. Kwa hiyo "makisio ya kumbukumbu inayopatikana" ndiyo sahihi, na katika vifaa vyenye hamishio la kubana neno "makisio" lisiachwe hata kama nafasi ya kioo ni finyu. Menyu ikiwa haina nafasi ya maneno yote, liondolewe "kumbukumbu", ambalo kwa kawaida limekwisha andikwa juu ya jedwali, ibaki "makisio ya inayopatikana". Na katika maelezo ya ununuzi wa vifaa, gigabaiti za kumbukumbu ziandikwe zile zilizo katika vipande vya kumbukumbu vyenyewe. Nyongeza yoyote iandikwe katika mstari wake, kwa jina la "hamishio", pamoja na kutaja kama ni la kubana au ni sehemu iliyotengwa katika hifadhi ya kudumu.